Kuzima ESP juu ya Lava ya Goma

Nilitoka Kampala kwenda Goma kwa sababu mbili, na naanza na ile niliyokuwa nikiwaambia watu. Rafiki yangu Jules, tuliyesoma naye shule ya msingi, alikuwa amesawazisha uwanja wa mbio za magari juu ya lava mpya, kaskazini ya mji, akanialika niende kuwaonyesha watu gari langu. Sababu ya pili ilikuwa mama. Tangu mlima wa volkano ulipolipuka na kufunika nyumba yetu, mama alikuwa akishinda juu ya lava ile kwenye kiti cha plastiki, na sasa waasi walikuwa wamerudi vilimani upande wa Rutshuru. Nilitaka kumtoa kabla barabara haijafungwa. Kwenye simu alinijibu kila mara jambo lile lile: "Sitamuacha papa yako mahali nisipopajua."

Siku ya mlipuko baba alikataa kukimbia. Alisema yeye na mlima ule wanajuana tangu ulipolipuka mara ya kwanza. Mwili wake haukuonekana, na nyumba pia haikuonekana. Moto ulipita juu ya mtaa mzima ukaacha uwanda mweusi. Kwa hiyo hatukufanya kilio. Kwetu kilio kinataka mahali, watu waje, wakae, watupe udongo. Majirani walirundika mawe ya mipaka kwa kukadiria, kila mmoja akisogeza yake kidogo, na mama akabaki hajui aketi wapi. Kila wiki alihamisha kiti.

Kampala, usiku wa manane. Acha niseme kidogo juu ya gari, maana ni jasho langu. Niliondoka Goma na shati moja, nikaosha vyombo katika hoteli ya Liège, huko Ulaya, nikasoma jioni, nikapata diploma ya ufundi wa magari, nikarudi Afrika kufungua gereji ambayo leo mawaziri huleta magari yao. Gari langu ni dogo, jekundu, la milango mitano, lakini injini yake inaziaibisha prado. Shida ya magari kama hayo ni ESP, ile kompyuta inayokamata gurudumu moja kwa breki kila inapohisi gari linataka kuteleza. Barabarani inaokoa maisha. Kwenye uwanja wa mbio inakukatia nguvu katikati ya kona, kama mtu anayekushika mkono unapoandika. Mafundi wa kubahatisha huchomoa fyuzi, na hapo wanapoteza ABS pia, ile inayozuia magurudumu kukwama ukifunga breki. Mimi niliingia ndani ya kompyuta yenyewe, nikaipanga hivi kwamba nikibonyeza kitufe na kukishikilia, ESP inalala kabisa na breki zinabaki salama. Katika gereji za Kampala sijaona mwingine anayeweza.

Bunagana, mpakani. Mzee wa forodha alilizunguka gari akicheka.

"Papa, kagari haka kanaenda Goma? Barabara iko na mashimo ya kumeza mbuzi."

"Mimi ni fundi mwenye diploma," nikamjibu.

"Na hiyo diploma iko na magurudumu ngapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akanirudishia pasipoti na kuniambia kwa sauti ya chini, "Usikawie huko. Batu banahama."

Kutoka Rutshuru hadi Rumangabo niliwapita hao watu wanaohama. Walikuwa wanakwenda upande wangu, kuelekea Goma, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Baada ya Rumangabo, penye makao ya hifadhi ya wanyama, barabara ikawa tupu ghafla. Sikukutana na pikipiki hata moja.

Kibumba, mchana. Hapa ndipo wasafiri hununua kabichi na viazi. Kabichi zilikuwapo, zimepangwa vizuri juu ya meza, lakini muuzaji hakuwapo. Milango ya nyumba ilikuwa wazi. Ndani ya nyumba moja niliona meza na sahani za ugali ambao haujaguswa. Nilipiga honi, mbwa hakubweka. Nikiwa nimesimama hivyo, injini inanguruma, magurudumu yametulia, taa ya njano ya ESP ikaanza kuwaka na kuzimika. Taa ile huwaka gari linapoteleza. Ndani ya gari kuna kifaa kinachopima kama mwili wa gari unageuka, na kifaa kile kilikuwa kinahisi kitu ambacho mimi sikukihisi. Nikatazama juu. Mlima ulikuwa mahali pake, umejifunika wingu. Nikaondoka bila viazi.

Goma, alasiri. Barabara imechongwa upya juu ya lava, na pembeni moshi mweupe bado unatoka kwenye nyufa. Jules alinipokea uwanjani akiwa amevaa kofia ngumu yenye bendera.

"Mutu wa Bulaya!" akapaza sauti. "Tumekungojea, halafu unatuletea kopo ya sardini?"

"Kopo hii itakulisha vumbi," nikamwambia.

Mama alikuwa pembeni ya uwanja kwenye kiti chake. Nilipiga magoti kumsalimia, akanishika mashavu.

"Faustin, umenenepa. Bulaya ulizoea mukate tu."

"Mama, kesho tunatoka. Nimepita Kibumba, hakuna mtu. Keshokutwa huenda barabara isipitike."

"Nenda wewe. Mie nabakia."

"Hapa? Juu ya mawe? Hata hujui kama kiwanja ni hiki."

"Ndiyo maana nabakia," akasema, akatazama uwanda ule mweusi kama mtu anayetafuta sindano.

Asubuhi ya mbio kulinyesha mvua nyepesi na lava ikafuka mvuke kila upande. Nilibonyeza kitufe, nikakishikilia mpaka taa ya njano ikawaka moja kwa moja, maana yake ESP imelala. Jules alikuwa mbele kwa gari lake la kijivu. Katika kona ya kwanza niliachia mafuta kidogo, mkia ukatoka kama nilivyotaka, nikaurudisha kwa usukani, watu wakapiga kelele. Nilimpita Jules kwa upande wa ndani. Sisemi kwa kujisifu: niliendesha vizuri mno.

Baada ya kona ya mwisho kuna sehemu iliyonyooka. Pale katikati, usukani ukiwa umenyooka, mafuta yamekanyagwa sawasawa, mkia wa gari ukavutwa kuelekea kulia. Nasema ukavutwa kwa sababu kuteleza nakujua. Gari linaloteleza linakuwa jepesi chini yako. Hili lilikuwa zito, kama limeshikwa. Nikalirekebisha nikaendelea. Mzunguko uliofuata, mahali pale pale, likavutwa tena. Kwenye kioo nilimwona Jules akipita pale pale bila hata kutikisika. Mzunguko wa tatu nilipunguza mwendo karibu na wa kutembea, ili nimwoneshe huyo anayenivuta kwamba nimesoma. Gari likageuka taratibu, mkia ukazunguka, likasimama likitazama nilikotoka.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, viatu mkononi.

"Mama, toka! Iko mbio hapa!" Jules alifunga breki na kutoa kichwa dirishani.

"Faustin, zima motere," mama akasema.

Nikazima injini. Kote uwanjani lava ilikuwa imelowa, nyeusi inayong'aa. Chini ya gari langu palikuwa pakavu. Palikuwa na umbo: upande mrefu, upande mfupi, na kipande kidogo kilichojitokeza mbele kama baraza. Mama alitembea humo kwa miguu mitupu, polepole, akigeuka pale ambapo ukuta ungemlazimisha kugeuka.

"Hapa ni mulango," akasema. "Hapa chumba yenu. Hapa papa yako alikuwa anaweka radio yake."

"Mama, ardhi ina joto chini, ndiyo maana maji yanakauka. Na mpira wa gari ukikanyaga joto..."

"Faustin." Hakupandisha sauti. "Ukipita na mbio mbele ya mulango, papa yako alikuwa anafanya nini?"

Baba alikuwa akinishika shati kwa nyuma, akanigeuza nimtazame, akaniuliza ninakimbilia wapi.

"Wewe peke yako umevutwa," Jules akasema baada ya kushuka, "ni kwa sababu umeizima kompyuta. Sisi wengine zetu zinafanya kazi. Zinatushikilia, hatuhisi kitu." Akavua kofia yake. Hakunitania tena.

Madereva walizima magari mmoja mmoja. Wakaleta matairi yaliyokuwa yamepangwa pembeni, wakakaa juu yake kuzunguka lile umbo, kofia ngumu mapajani, wakiwa na mavazi yao ya mbio. Wale majirani wenye mawe ya mipaka walikuja na viti vyao. Mzee mmoja aliyekuwa akigombana na mama juu ya mpaka akaokota mawe yake, akayarudisha nyuma bila kuambiwa. Mama akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mlipuko. Waliimba wimbo wa kanisa, na kwa kuwa udongo haukuwapo, kila mmoja alitupa changarawe ya lava. Ilipoanguka ilitoa mlio mdogo, kama inaangukia paa la bati. Wote tuliusikia.

Tulipomaliza mama alifunga kitenge chake, akabeba kiti chake cha plastiki, akamkabidhi yule mzee.

"Haya," akaniambia. "Sasa twende."

Safari ya kurudi tuliianza mchana ule ule. Nilibonyeza kitufe, ESP ikaamka, taa ikazimika. Nilimfungulia mama mlango wa mbele. Akaupita akapanda nyuma. Sikumuuliza, kwa sababu kwetu mbele ni pa mzee wa nyumba.

Kibumba, kabichi zilikuwa bado mezani, mvua imeziosha. Milio ya bunduki ilisikika mbali, upande wa vilima. Hapo gari likaanza kupiga kengele, ile inayolia mtu wa mbele anapokaa bila kufunga mkanda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Hakikuwa na mfuko, hata koti. Nilikipapasa kwa mkono. Ngozi yake ilikuwa na joto.

"Ni kihisio cha kiti," nikamwambia mama. "Unyevu umekiingia."

"Mufungie mukanda," mama akasema kutoka nyuma. "Unajua hawezi kujifungia mwenyewe, hajazoea magari ya Bulaya."

Nilisimama kando ya barabara ile tupu. Niliuvuta mkanda juu ya kiti, nikaubana. Kengele ikanyamaza. Nikaendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha, mpaka Rumangabo, mpaka Rutshuru, mpaka Bunagana, na mzee wa forodha alipochungulia ndani hakufanya mzaha. Alituhesabu kwa macho, akamsalimia mama, kisha akakisalimia kiti cha mbele, akainua kizuizi. Siku chache baadaye barabara ile ilifungwa.

Nilichojifunza nawaambia wenzangu wenye magari ya kasi: uwanjani, ukiwa peke yako, izime ESP, uisikie ardhi inakuambia nini. Ukibeba watu, iwashe, na uwafunge wote. Kihisio cha kiti kile nimekibadilisha kwa mkono wangu, kipya, na nimekipima. Mama bado anapanda nyuma, na mimi kabla ya kuwasha gari nafunga kwanza mkanda wa mbele.