Kiraka cha Kamanda

Nyumbani kwake walimwita Kamanda, na jina hilo hakulikataa. Sheria zake zilikuwa nyingi, ila kubwa kuliko zote ni hii: marufuku kufungua soda kwa meno. Mumewe, seremala mwenye mizaha, alikuwa amesemwa kwa kosa hilo mpaka akanyooka.

Basi siku moja, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi, opena haikuonekana. Joto lilikuwa kali. Kamanda akatupa jicho kushoto, akatupa kulia, akaipachika chupa ya soda mdomoni. Kah! Kifuniko kikatoka, na kipande cha jino la mbele kikatoka nacho.

Hili likijulikana nyumbani, nani atamsikiliza tena? Akakimbilia kwa daktari wa meno mtaa wa pili, kiganja mdomoni. Daktari akalinganisha rangi, akapaka gundi, akajenga kile kipande kwa dawa laini kama donge la unga, tabaka juu ya tabaka, kila moja akiligandisha kwa taa ya buluu. Kisha akalisugua jino mpaka likang'aa.

"Umevunjia nini, mama?"

"Mfupa," akajibu Kamanda, mkavu wa macho.

Daktari hakubisha. Wateja wa mifupa alikwisha kuwazoea.

Jioni hakuna aliyeshtuka. Kamanda akavimba kichwa, akawakumbusha watoto ile sheria huku akimkazia macho baba yao. Aibu ilimgusa kidogo, lakini raha ilizidi.

Kesho yake mumewe akampitia dukani, akamkuta ameinamia taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia.

"Nikague na mimi, mama watoto, nisije nikawa feki."

Kamanda akacheka. Mwanga ukampata kinywani: meno yote yakang'aa, ila ncha ya moja, pale penye dawa ya daktari, ikabaki nyeusi tii.

"He! Jino lako lina kiraka!"

Kamanda akanywea. Mumewe akaegemea kaunta, akaangua kicheko, kinywa wazi mbele ya taa ileile. Kwenye meno yake mawili ya mbele vikaonekana viraka viwili vyeusi.

"Mfupa?" Kamanda akauliza taratibu.

Kicheko kikakatika. "Mfupa," akakiri mume, macho chini.

Mara wakasikia sauti za watoto wao mlangoni, wametoka shule. Wote wawili wakairukia swichi ya taa.