Mfipa wa Kwenye Tamthilia

Mtu wa kwetu wa kwanza niliyemwona kwenye tamthilia alikuwa mganga. Alivaa kaniki, akatikisa kibuyu, radi ikapiga. Kila kipindi hivyo hivyo. Akimsalimia mkubwa alichuchumaa na kupiga makofi mpaka anaanguka, na hapo ndipo walipopandisha kile kicheko chao cha kurekodiwa.

Nilikuwa chuoni Dar es Salaam. Bwenini wote walinigeukia. "Mshikaji, usije ukaturushia radi!" Nilicheka kuliko wao, na niliwachukia. Likizo ile nilipofika nyumbani Kasense, mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akasimama akingoja. Kwetu mtoto akitoka safari huchuchumaa, akapiga makofi taratibu, na mama humwitikia kwa makofi yake. Mimi nilisema "Shikamoo mama" nimesimama wima, begi begani. Akasema "Marahaba," akarudi jikoni. Miaka ikapita, na kila mara nilijiambia nitachuchumaa safari ijayo.

Tamthilia nayo iliendelea, nami sikuweza kuiacha. Nilikuwa kama mtu anayebonyeza jino bovu. Msimu wa tatu kibuyu kikapotea. Baadaye yule bwana akapata mke na shamba, akagombana na shemeji yake juu ya mbolea iliyochelewa, na nikajikuta namtetea kwa sauti, peke yangu sebuleni. Hata hivyo sikutulia. Kila alipofungua mdomo nilishika rimoti, tayari kuzima.

Mwaka huu niliitazama nyumbani, mimi kwenye kochi, mama mkekani akichambua maharage. Ilikuwa saa moja jioni. Yule bwana alirudi kwao baada ya miaka mingi, mama yake akatokea mlangoni. Nikashika rimoti. Akachuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu. Hakuna aliyecheka. Mama yake akamjibu kwa Kifipa, na hawakutafsiri.

Mama akaweka ungo chini. Akapiga makofi, akamwitikia mwigizaji pale kwenye kioo kana kwamba ameingia ndani mwetu. Makofi yale alikuwa amenitunzia mimi. Niliona aibu, nikataka kushuka mkekani nichuchumae, lakini nikabaki kwenye kochi.

"Huyu amelelewa," mama akaniambia, akachukua tena ungo wake.