Vichwa Vilivyopita Mikononi Mwake

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na ukisema unakwenda kwa Fundi hakuna aliyekuuliza fundi wa nini. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi ambalo watu walilikalia hata wakiwa hawana nywele za kukata, ilimradi wasipitwe na habari.

Kisha kiharusi kikampata. Hakikummaliza. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, lakini mkono wa kulia ukabaki na mtetemeko, na kinyozi anayetetemeka ni mtu wa kukimbiwa. Alijaribu mara moja, kwa mpwa wake aliyekuwa akimsaidia kazi. Mpwa akainuka na mkato juu ya sikio, akisema, "Si kitu, mjomba," huku damu ikimchuruzika shingoni. Siku hiyohiyo Fundi alimwachia kibanda, akarudi nyumbani, akakaa.

Akakaa kweli. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, alimtuma dukani; akaenda, akarudi, akakaa. Alimwashia redio, akaisikiliza kama mtu anayengoja izimwe. Wawili hawa hawakuitana kwa majina. Mke alimwita mumewe Fundi, kama mtaa, na mume alimwita mkewe Mwalimu. Jioni moja Mwalimu alimbana aseme kinachomkera, na mzee akatoa la moyoni. Alisema seremala akizeeka anapita mitaani akiiona milango yake, na mwashi anawaonyesha wajukuu nyumba alizojenga.

"Mimi nina nini? Kichwa nilichokinyoa wiki hii, wiki ya pili kimeshaota. Maisha yangu yote yalifagiliwa chini ya kiti, Mwalimu."

Sebule yao ilikuwa imetoka kupakwa rangi na ukuta mmoja ulikuwa mtupu, basi Mwalimu akashusha begi la picha lililokaa miaka juu ya kabati, akamwomba achague za kutundika. Nia yake ilikuwa apate tu cha kushika mkononi.

Fundi alizimwaga mezani, akaanza kuzitenga shingo upande. Zenye sura yake zilikuwa chache. Moja ilimwonyesha siku alipofungua kibanda, amevaa suruali pana ambayo kila mguu wake ungewatosha wapangaji wawili. Zilizobaki zilikuwa za watu: harusi, mahafali, vitoto vilivyobebwa kama mizigo, picha ambazo wateja walimgawia miaka nenda rudi. Alikuwa ameshaanza kuzirudisha begini alipoitazama tena harusi ya dereva mmoja wa lori. Akaisogeza karibu na macho, akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Alimwita mkewe kutoka jikoni akamsimulia. Bwana harusi yule alifika kibandani asubuhi ya harusi akiwa na hofu, kichwa hakitulii, mpaka Fundi akakibana kwapani kama tikiti ndipo akaweza kuchonga mstari wa mbele. Na mstari wenyewe huo hapo pichani, umenyooka.

"Hiki kichwa ni changu," alisema.

Akashika nyingine. Kichwa cha humo nacho kilikuwa chake. Kijana wa mahafali, mzee aliyetimiza miaka themanini, ndugu watatu waliopiga picha kabla ya mmoja wao kusafiri asirudi: kila mmoja alikuwa ametoka kitini pake asubuhi ya siku ya picha yake. Hakuna aliyekwenda kupigwa picha ya maana bila kupitia kwake kwanza.

Kuanzia hapo alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa shule. Picha nzuri isiyo na kisa ilirudi begini. Yenye ukungu lakini anaikumbuka ilibaki. Aliitenga hata ya shemeji yake aliyenyolewa upande mmoja juu na upande mwingine chini, kwa sababu siku hiyo walibishana juu ya mpira na wembe ukafuata ubishi.

"Hata hii?" Mwalimu aliuliza.

"Hiyo hasa."

Karibu na mwisho alikuta picha mbili zimegandana. Alizibandua taratibu kwa mkono wa kushoto. Ya chini ilikuwa ya Mwalimu, kichwa kipara, taulo mabegani, ameketi kwenye kigoda uani. Ulikuwa mwaka aliotibiwa saratani. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, alibeba kigoda mwenyewe akamwambia mumewe azimalize. Fundi akazinyoa zote. Alipomaliza, mkewe alijitazama kwenye kioo akauliza anafanana na nani, naye akajibu, "Na baba yako," na Mwalimu akaangua kicheko. Binti yao akawahi kumpiga picha. Lakini baada ya hapo Mwalimu alijifunga kitambaa kila siku mpaka zilipoota, na picha ile hakutaka ionekane.

Fundi aliiweka mbele yake. "Ukikataa nairudisha, na neno sitasema."

Mwalimu aliivuta karibu. "Nilijiona mbaya sana siku ile."

"Mimi nilikuwa naogopa. Nilijua kunyoa tu. Sikujua jambo jingine la kukufanyia."

"Mikono yako ilikuwa myepesi," alisema. "Nilipata usingizi siku ile, baada ya siku nyingi." Akaisukuma picha kwake. "Itundike. Lakini si katikati."

Wakaitundika karibu na dirisha. Mume alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto, mke akashika misumari, akimwonya kwamba akimgonga kidole atapika mwenyewe mwezi mzima.

Haikupita wiki, mshona nguo wa nyumba ya pili alileta mapazia mapya. Alikuwa mama kijana, na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Jirani wote walijua anatibiwa nini. Hakuna aliyelitamka mbele yake. Alipita ukutani akitazama, akacheka alipofika kwa shemeji, kisha akasimama kwenye picha ya dirishani.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Aliuliza kama nywele ziliota zenyewe. Mwalimu akainama amwonyeshe, akisema ziliota, ila zilikuja na mvi kana kwamba zilikuwa zimetumwa mbali. Mshona nguo akafungua kitambaa. Zilikuwa zimebaki mafungu mafungu. Akamuuliza Fundi kama angeweza kuzimaliza.

Fundi aliutazama mkono wake. "Huu haufai tena, mwanangu. Lakini macho ninayo."

Basi Mwalimu akamfunika mgeni taulo mabegani, akashika mashine ya zamani ya mumewe ya kunyolea, na mumewe akaketi mbele akimwelekeza: aanzie kisogoni, asikandamize, avute ngozi kwa kidole. Alimkaripia mara mbili, na Mwalimu, aliyewakaripia watoto wa watu miaka yote, akatii. Mshona nguo alilia kidogo mwanzoni. Fundi alimwekea mkono begani, ule unaotetemeka, akauacha hapo mpaka mwisho.

Picha hakutaka, na hakuna aliyemwambia apigwe. Alitaka chai. Alikaa nao mpaka watoto wake walipotoka shule, ili wamwone hivyo kwa mara ya kwanza akiwa na watu. Mkubwa alisimama mlangoni, hajui pa kutazama. Mdogo alimwendea moja kwa moja, akakisugua kichwa kwa viganja vyote viwili, akasema na yeye anataka hivyohivyo.

Fundi akamwambia Mwalimu asikunje taulo kwanza.