Mashine Iliyosikia Mwaro

Kisasi hiki nilikipika wiki sita, na sioni haya kukisimulia.

Nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya Gungu, huku kwetu ziwani, na mwaka huu niliwaanzishia kidato cha tatu somo la akili mnemba. Siku ya kwanza tulijaribu programu ya simu inayoandika unachosema. Binti mmoja wa Katonga, mama yake muuza dagaa, akasema, "Mwaro umefungwa." Sisi Waha ulimi wetu hugeuza l kuwa r, alimaanisha mwalo, pale boti zinaposhusha samaki. Simu ikaandika: mwaka umefungwa. Mwalimu wa taaluma, aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mashine imekukataa!"

Binti hakufungua mdomo darasani tena. Nikimuuliza swali, anaandika jibu kwenye daftari na kunionyesha. Damu ilinichemka, maana ulimi ule ni wangu pia.

Nikawaambia wanafunzi kwamba mashine haizaliwi na masikio, inasikia ilichofundishwa tu. Tukatengeneza ya kwetu, ya maneno kumi: mwalo, kilo, samaki kama mgebuka na dagaa, na mengine ya sokoni. Kila mmoja alirekodi kila neno mara ishirini, kwa ulimi wetu wa r. Binti alirekodi peke yake, mlango umefungwa. Sauti ya mwalimu wa taaluma sikuiomba, na si kwa kusahau.

Siku ya wazazi, tulipoionyesha mashine yetu ukumbini, mwalimu huyo akanyakua maikrofoni kabla hajaalikwa. "Mwalo," akasema, kwa ile l yake safi. Ukutani yakatokea maandishi: mgebuka. Akarudia kwa kupaza sauti. Mgebuka. Wazazi wakaanza kucheka. Mama muuza dagaa akasimama.

"Sema mwaro, mwarimu! Mwaro!"

Mwalimu wa taaluma akatazama huku na huku, kisha akasema kwa unyonge, "Mwaro." Maandishi yakabadilika: mwalo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilicheka hadi machozi, na utamu wake bado ninao mdomoni.

Wageni walipoondoka, binti akanifuata. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alizungumza nami.

"Mwarimu, tumrekodi na yeye, imwerewe."

Nikamjibu kwamba tutamrekodi wiki ijayo. Tangu hapo ameniuliza mara tatu ni lini, kwa sauti yake mwenyewe, na mara zote tatu nimemdanganya.