Mwanafunzi Asiyejua Kukata Kona

Noelani hakumwamini yule mwanafunzi, wa pekee aliyebaki kwa baba yake, mwalimu wa kuteleza mawimbini kwa ubao, tangu mzee augue kiharusi. Kila asubuhi pale ufuko wa Waikiki, mwanafunzi huyo akiambiwa akate kona na ubao mrefu juu ya wimbi, alianguka chubwi, akaibuka akicheka: "Nisamehe, anko, miguu yangu mizito." Lakini nta aliipaka ubaoni bila kuelekezwa, bahari hakuipa mgongo hata mara moja, na magotini alikuwa na vinundu vigumu, vile vinavyowaota waliopiga magoti juu ya mbao miaka nenda rudi, wakivuta maji kwa mikono. Huyu anakinyemelea kibanda chetu cha mafunzo, Noelani aliwaza.

Leo mtalii aliibuka majini ghafla mbele ya ubao. Mwanafunzi akarudi nyuma, akaukandamiza mkia wa ubao kwa kisigino, ubao ukageuka kwa utii, mtalii akapona. Kisha mwanafunzi akajiangusha majini.

"Mmeona?" baba alipiga kelele, kifua mbele. "Nimemfundisha mimi!"

Noelani alimfuata mwanafunzi ufukweni. "Wewe ni nani hasa?"

Yule bwana aliendelea kukamua fulana yake. "Kesho nitakuwa nimesahau tena, dada. Usimwambie."