Safari ya Mwanda Kumfunza Wakesho Kumaliza Sentensi

Nilifunga safari ya Mwanda kwa sababu ya simu ya Mama Wakesho, jirani yangu wa zamani. Binti yake, muuguzi aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hajapata kazi tangu hapo, alikuwa amehojiwa kwa ajili ya nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo, naye hakupita. Walimpa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa saa nne asubuhi, kwa simu ya video.

"Wanasema Kiingereza chake kinakatikakatika," mama yake aliniambia. "Na wewe Mzee ndiye uliyemfundisha."

Ni kweli. Kabla sijahamia Voi kwa mwanangu, nilikuwa mkalimani wa kanisa letu la Mwanda kwa miaka mingi. Mgeni akihubiri kwa Kiingereza, nilisimama kando yake. Yeye alisema nusu ya sentensi akanyamaza, mimi nikaitia katika Kiswahili, naye akaendelea. Kifua kilipoanza kunisumbua, nilimfundisha Wakesho kazi hiyo, naye akashika nafasi yangu akiwa bado msichana wa sekondari.

Jumatano, saa mbili asubuhi, niliondoka Voi jua likiwa limeshakuwa kali. Baada ya Mwatate barabara ilianza kupanda na kujipinda, na mashamba ya mkonge yakabaki chini nyuma yetu. Wundanyi nilivaa sweta. Nilikunywa chai karibu na stendi, nikapata gari la Mwanda, nikashuka mchana huku ukungu umefunika migomba. Nilimshukuru Mungu kwamba kifua kilikuwa kimetulia.

Mama Wakesho alinipokea kwa kimanga, ile mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe. Nilipomaliza kula nilimwomba Wakesho anirudie swali lililomwangusha.

"Waliuliza, mzee akikataa dawa nitafanyaje," alisema. "Nikajibu, 'I would put it away.'"

Akanyamaza. Nami, bila kufikiri, nikasema, "Ningeiweka kando."

"'And come back after he has calmed down,'" akamalizia.

"Kisha ningerudi baada ya yeye kutulia," nikasema.

Tulitazamana. Hapo nilielewa kilichotokea. Kiingereza cha kila siku kina vitenzi vinavyotembea na kijineno nyuma yake, kama lile 'away' la kuweka kando, na mara nyingi nia ya msemaji haijulikani mpaka kije kiunganishi: na, baada ya, isipokuwa, ingawa. Kiingereza chake Wakesho alikiiga kwa wale wahubiri, kwa hiyo naye alikuwa akisimama kwenye kijineno, kabla ya kiunganishi, kumpisha mkalimani. Waliomhoji walidhani amemaliza, wakaenda kwenye swali jingine. Walichosikia ni muuguzi anayeiweka dawa kando, basi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuangusha," nilimwambia.

"Usijilaumu, Babu. Hata nikiagiza chai kwa Kiingereza nasimama katikati."

Alhamisi asubuhi tulifanya kazi uani. Kulikuwa na gunia la maharagwe mabichi ya kumenya, nikaweka sharti moja: atakapoanza sentensi ashike ganda, na lisitoke mkononi mpaka sentensi ifike mwisho. Nilimuuliza angefanya nini gari la wagonjwa likichelewa. Alisema angeendelea kumtunza mgonjwa, "I would carry on," na vidole vikaacha ganda.

"Shika!" mama yake alipiga kelele kutoka jikoni. "Ganda limeanguka!"

"Ningeendelea," nami nikasema.

"Na wewe Mzee nyamaza! Unamfundisha au unahubiri?"

Tulicheka, tukaanza upya. Kufikia saa sita alikuwa akisema, "I would carry on until help turned up," yaani mpaka msaada ufike, bila kupumua katikati. Kufikia jioni sufuria ilikuwa imejaa maharagwe, na viunganishi vilikuwa vikija vyenyewe. Mimi niliteleza mara nyingi kuliko yeye. Nilijiahidi kwamba kesho yake nitafunga mdomo.

Ijumaa, kabla ya saa nne kidogo, tuliomba pamoja. Wakesho aliegemeza simu kwenye kopo la sukari mezani, nami nikaketi pembeni, mahali ambapo kamera haikunifikia. Aliniomba nibaki, alisema akiniona hataogopa. Mama yake alikwenda uani, kwa kuwa hakujiamini kwamba angenyamaza.

Mwanamke aliyemhoji alikuwa mpole. Swali la dawa lilirudi, na Wakesho akalijibu lote, mwanzo hadi mwisho. La pili vivyo hivyo. La tatu aliulizwa angefanyaje kama wazee wangemtukana kila siku.

"'I would not give up,'" alisema, akameza mate.

"Singekata tamaa!" nilitangaza, kwa sauti ile ile ya madhabahuni.

Mwanamke akauliza kuna nani chumbani, na kama kuna mtu anayempa majibu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Niliona miaka mitatu ya yule binti ikiporomoka kwa sababu yangu.

Wakesho aliigeuza simu ili nionekane. Kisha alisema kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, "That is our church elder, and I have been filling in for him since he fell ill, so whenever I stop he cuts in, although my mother has told him to keep quiet."

Alimweleza kwamba mimi ni mzee wa kanisa lao, kwamba alishika nafasi yangu tangu nilipougua, na kwamba kila anaponyamaza mimi humdakia, ingawa mama yake amenikataza. Mwanamke alicheka, akaniomba kwa heshima nitoke nje.

Mama Wakesho alinisogezea kigoda. "Umetoka kama mtoto aliyefukuzwa darasani."

"Nimemharibia," nilisema.

Tulikaa hapo karibu nusu saa, tukisikia sauti ya Wakesho dirishani. Sikuisikia ikikatika tena.

Jumamosi nilishuka mlima. Wundanyi ilikuwa na mvua nyepesi. Mwatate kulikuwa kukavu. Nilikuwa nimefika Voi, ninavua viatu, Mama Wakesho alipopiga. "Wamemchukua, Mzee! Wanasema amejieleza vizuri sana pale ulipomharibia."

Nilipiga magoti kushukuru. Ni desturi yangu kuomba kwa maneno mengi, na nikitua kidogo huongeza mengine upesi. Siku hiyo nilisema asante, nikafika mahali pa kutua, nikapaacha wazi.