Mstari Mtupu wa Mama Nyanchama

Nakumbuka vizuri siku niliyomfanya mjane kuwa binti wa mke mwenzake, mwanangu, na sikuwa nimekusudia ubaya wowote.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nikafungua kiofisi cha kutengeneza tovuti pale Keumbu. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sitakuficha. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ukurasa wa matangazo ya mazishi: familia huandika ujumbe kwa simu, hutuma, na watu wetu walio mbali wanausoma.

Basi akafariki mzee mmoja wa Ekerenyo aliyekuwa na nyumba mbili, ya Kerubo, mke mkubwa, na ya Nyanchama, mke mdogo. Nyanchama, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetuma tangazo, ingawa wakati huo sikumjua. Chini ya maneno "Familia yake" aliandika jina moja katika kila mstari: Kerubo, kisha watoto wake watatu. Akaacha mstari mtupu. Halafu akaandika jina lake mwenyewe, na chini yake watoto wake wawili. Hakutia koma hata moja, maana mistari ilimtosha.

Lakini kivinjari, kile chombo cha kufungulia tovuti, kina tabia yake. Usipokiagiza, hakijali mtu amevunja mstari wapi; huyapanga maneno yote mfululizo. Mimi nikaona msururu wa majina, nikajisemea kwamba huyu aliyetuma hajui kuandika kwa simu. Kuuliza si ujinga, ila mimi sikuuliza. Nikatia koma zangu: "Ameacha mke, Kerubo, na watoto: Moraa, Ombati, Nyaboke, Nyanchama, Onchiri na Kemunto." Nikaona nimefanya kazi safi.

Asubuhi ya Jumanne akaingia mama mmoja, leso kichwani, akakaa bila kukaribishwa, akanionyesha tangazo lile kwenye simu yake.

"Kijana, ni wewe umeandika hii?"

"Ndiyo, mama. Nilirekebisha kidogo, ilikuwa imechanganyika."

Akaisoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwa Nyanchama akainua macho.

"Hilo ni jina langu. Miaka thelathini mimi ni bibi wa hiyo boma. Wewe umenipea mama mwingine, na bwana yangu umemfanya baba yangu. Programu ya mazishi inachapwa leo jioni kutoka kwa hii yako. Sasa siku ya mazishi nitakaa wapi? Na watoto wangu ni wa nani?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikafungua ujumbe wake wa asili katika hifadhi, na mistari yake yote ilikuwa pale, sawasawa, tangu mwanzo. Nikafuta maneno na koma zangu, nikarudisha yake. Nikauongezea ukurasa agizo moja fupi la kuheshimu mistari, nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Akaweka kidole pale palipokuwa patupu.

"Hapa ndipo nyumba yangu inaanza," akasema. Kisha, bila hasira: "Nimefundisha watoto wengi. Nikiwa sielewi insha ya mtoto, nilikuwa namuuliza kwanza, ndiyo nishike kalamu nyekundu."

Alhamisi nilienda mazishini Ekerenyo. Nyanchama alikuwa karibu na jeneza, bega kwa bega na Kerubo, programu mkononi, mstari wake mtupu ukiwa mahali pake. Nilimlilia mzee nisiyemjua, mwanangu, na sikujali nani ananiona.

Kwa hiyo nakuusia, wewe unayeingia kazi hii hii. Maandishi ya mtu yahifadhi jinsi alivyoyaleta, mistari yake na nafasi zake, kisha uuagize ukurasa uyaonyeshe hivyo hivyo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mstari mtupu ni mwiba mdogo sana machoni pa fundi mwenye haraka. Ukiona jambo limekaa vibaya, anza kwa kukagua kazi yako. Usipoelewa, mpigie mwenyewe simu, hata kama ni bibi kizee asiyejua tovuti ni nini.

Mungu akupe subira ya kusoma watu kabla ya kuwasahihisha. Na siku yako ikifika, mwanangu, jina lako liandikwe mahali pake, na wako wote walione.